Fimbo Iliyokosa Kuku

Maganzo, 9 Juni 2024

Kwako Nelly,

Mimi si mzima, na hali yako sikuulizi. Mtu anayetoka msibani maiti ingali ndani, huyo ana afya kutushinda sote.

Babu yako Makoye tumemzika Jumatano saa kumi jioni. Udongo ulikuwa mkavu kama udaga wa muhogo, wachimba kaburi wakalaani mpaka padri akakohoa. Wazee wenzake wa mgodini walikuja, wale waliobaki, mmoja kaletwa mgongoni mwa mwanawe. Padri alipoita wajukuu waje kutupa udongo, watu wakageuza shingo huku na huku kama kuku waliosikia mwewe. Mwisho akasogea Salome, binti wa jirani, akautupa yeye. Makoye amekulea tangu hujaota meno, na aliyemfunika ni mtoto wa jirani.

Asubuhi ile ulinishika bega ukanipigia kelele sikioni kwamba una mchezo Geita. Nikakujibu neno moja, hutoki. Ukatoka. Kiziwi ni mimi, lakini asiyesikia ni wewe.

Baba yako Mayala naye tulimpelekea habari kule Nyarugusu. Hakuja, hakutuma mtu. Huyo nilimzaa mimi. Akaenda kutafuta dhahabu, akakuta kilabu kina meza ya kugonga mipira, na mpaka leo ukimuulizia Nyarugusu unaambiwa yuko mezani. Nikasema haya, mtoto wake nitamlea mwenyewe, huyu hatapotea. Nawe umefuata meza. Kama ni damu au ni ulozi, sijui.

Aliyenichosha kuliko wote ni Akida, yule Mzigua muuza vitambaa. Najua mtani msibani hana adabu, ndiyo kazi yake. Lakini safari hii alizidi. Aliingia kaburini akalala chali, kofia usoni, akasema hatoki, Wasukuma wamfukie yeye, Makoye abaki achunge ng'ombe. Akatolewa kwa kuvutwa miguu. Kabla ya hapo alikuwa ameingia chumbani kwangu, mjane nimekaa nimejifunika shuka, akapekua mpaka uvunguni mwa kitanda, akatoka na alichokitaka, watu wakafa kwa kicheko. Usinifundishe sheria ya utani, naijua. Mtani akishika kitu msibani humnyang'anyi, unakikomboa kwa kuku kabla tanga halijaondolewa. Tanga likiondoka, kimekuwa chake. Lakini kuku wangu wanataga. Simpi mtu.

Simu usinipigie, kwangu ni mbu tu, na vile viandishi vyake sivioni. Andika kwa mkono, herufi kubwa, umpe Marselino, konda wa basi la Geita. Na mimi nitakutumia kwake.

Tulikuwa wake wawili wa mume mmoja, mimi mkubwa na wewe mdogo. Sasa tu wajane wawili, mmoja analia na mwenzake anacheza.

Mkubwa wako,
Scolastika


Kalangalala, Geita, 12 Juni 2024

Mke mwenzangu, mkubwa wa nyumba,

Nitukane, nimestahili. Ukimaliza, sikia na upande wangu.

Mchezo ule ulikuwa mchujo. Niliwaomba wenye mashindano wausogeze, wakaniambia kila mtu ana msiba wake, asiyekuwepo jina linafutwa, arudi mwakani. Hata hivyo nisingetoka, kama si Guku, babu mwenyewe. Jumamosi kabla hajatuacha alinishika mkono akasema, "Ukiitwa mezani nenda. Mimi sitakwenda popote." Wewe ulikuwa umekaa pale pale miguuni pake, unachambua choroko. Najua hukusikia.

Nimepita, ila kwa kukwaruzika. Nilicheza na fimbo ya klabu iliyopinda kama mguu wa ndama. Fimbo yetu niliitafuta asubuhi ile nyuma ya mlango, na mfuko wake wa khaki, sikuiona. Basi likapiga honi nikaondoka mikono mitupu.

Bibi, naiomba ile fimbo. Historia yake unaijua kuliko mimi. Guku alipiga brashi kitambaa cha kijani cha klabu ya mgodi ujana wake wote, akiwapangia wazungu mipira ambayo wao wakiwepo haruhusiwi kuigonga. Klabu ilipofungwa wakamwambia kila mfanyakazi achague kitu. Wenzake wakabeba viti na sahani, yeye akabeba fimbo, na wewe ukamnunia mwezi mzima kwa sababu ya zile sahani. Ndiyo niliyojifunzia pale uwanja wa kupuria mtama, ulipokuwa umeupaka mavi ya ng'ombe ukalainika. Tulikuwa tunagonga matunda ya ndulele, na moja tumelipaka masizi, ndio mpira mweusi. Wakati ule fimbo ilikuwa imenizidi kimo.

Katikati ya Julai ndiyo mashindano yenyewe, hapa hapa Geita, ya wanawake wanaocheza snuka mikoa yote. Yana pointi za daraja. Watakaoshika nafasi nne za juu wanapewa kadi ya mchezaji wa kulipwa, wanaitwa popote, wanaishi kwa mikono yao. Wa tano hana kitu, anarudi kucheza kwa soda. Nafasi hiyo naiweza, Bibi. Lakini siiwezi kwa fimbo ya kuazima. Mkono wangu umekua pamoja na ile, hii ya klabu najikuta naifikiria badala ya kufikiria mpira.

Mpe Marselino. Ailaze juu ya mabegi, asiisimamishe, isije ikapinda.

Nimekutumia doti ya kanga na sukari. Nakuogopa hata ukiwa mbali.

Mdogo wako,
Nelly


Maganzo, 16 Juni 2024

Nelly,

Sukari nimepokea. Kanga nayo nimepokea. Ina maua mekundu. Mjane gani anavaa maua mekundu? Nimempa Salome, aliyetupa udongo.

Unasema Makoye alikuambia nenda. Maneno ya marehemu hayana shahidi. Maisha yote niliyokaa naye, mimi hajaniambia niende popote.

Na unanikumbusha uwanja wa mtama. Hukusema kwamba nilikuwa nawafukuza na mwiko, umeona aibu, basi nalisema mwenyewe. Niliwafukuza, na leo ningewafukuza tena. Mtama unaangaliwa na ndege, mzee na mtoto wameinama wanagonga ndulele. Nakuita njoo ule, hugeuki. Nakuita tena, umesimama jicho moja umelifumba, mwili upo, wewe hupo. Mayala alianza hivyo hivyo. Niliita mpaka koo likakauka, haitiki, na siku moja nikaita nikakuta hata mwili haupo. Watu wanadhani ninachokichukia ni mipira. Mipira imenikosea nini?

Fimbo haipo. Usimsumbue Marselino wa watu. Kilichokuwa cha Makoye kimekwenda na Makoye. Ungekuwepo ungeona kwa macho yako. Waliokuwepo waliona.

Tanga tunaliondoa Jumamosi hii. Njoo unyolewe kama watoto wa watu wengine. Ukija kula nitakupa.

Mkubwa wako,
Scolastika


Kalangalala, 19 Juni 2024

Mke mwenzangu,

Nimeisoma barua yako kwenye kiti cha klabu, nikacheka, halafu nikaenda chooni nikalia.

Mmeizika. Sikufikiria kabisa. Nilidhani umeiegemeza mahali, au umezuilia nayo mlango wa banda la mbuzi. Sasa nimeelewa, na sina kinyongo. Kama ameondoka nayo, basi nani aliyekuwa anaihitaji zaidi? Mimi ningeichukua nikaipeleka Geita kwenye moshi wa sigara. Yeye angalau atakuwa na kitu cha kushika. Ningekuwepo, labda ningeiweka mwenyewe. Usijilaumu kwa hilo, Bibi. Mlifanya vizuri.

Jumamosi siwezi kuja. Mwenye klabu ameniachia meza asubuhi tu kabla wateja hawajaja, na sasa inabidi nijifunze upya na hii fimbo yao. Lakini kunyolewa nimenyolewa. Nilikwenda kwa kinyozi wa hapa Kalangalala, akaniuliza mtindo gani, nikamwambia mtindo wa kufiwa. Nywele zangu hizi, nimezifunga kwenye karatasi. Ziweke pamoja na zenu, ziende zinakokwenda.

Mdogo wako,
Nelly


Maganzo, 24 Juni 2024

Nelly,

Nywele zimefika. Nilifungua nikidhani ni majani ya chai. Nimezichanganya na zetu, shangazi zako wamezipeleka.

Tanga limeondoka salama. Akida alikuja, akakaa kwenye kigoda pale uani mpaka kila mtu ameshaenda kwake, ananitazama tu. Sikumuuliza anangoja nini.

Nimekuwekea michembe ya viazi na karanga. Kula. Marselino anasema umekonda na kichwa kimebaki kama ndulele.

Hayo mengine sina la kusema.

Scolastika


Kalangalala, 16 Julai 2024

Mke mwenzangu,

Michembe niliila kabla ya kila mchezo, wenzangu wakadhani ni dawa, mmoja akanishtaki kwa refa. Refa akaonja, akaomba mingine.

Nimekuwa wa tano.

Nilikwenda vizuri mpaka mchezo wa kuamua nafasi ya nne. Mpinzani wangu alikuwa Zuhra, wa Mwanza, dada mpole anayevaa hijabu nyeupe na glavu ya mkono mmoja. Tulifukuzana mpaka mezani ukabaki mpira mmoja tu, mweusi. Anayeuingiza ndiye mwenye kadi. Ilikuwa zamu yangu. Mpira umekaa mdomoni mwa mfuko wa kona, Bibi, Guku angeuingiza kwa kuukohoa. Nikainama. Nikauweka mkono wangu kama alivyonifundisha, kiwiko kinabembea na bega linalala. Nikagonga, na ncha ya ile fimbo ikateleza. Mweupe ukaenda kombo kama mlevi, ukaugusa mweusi ubavuni, mweusi ukasogea kidogo ukakaa.

Zuhra hakucheka. Alikuja akauingiza polepole kama mtu anayelaza mtoto.

Fimbo ya klabu ni nyepesi mbele, nilijua, na wakati ule ule nilioinama mkono wangu ukasahau kwamba siyo ile. Ndiyo hivyo. Watu walinipigia makofi. Nilitoka nje nikasimama kwenye kijiwe cha bodaboda, nikasema kwa sauti, "Kaa nayo, Guku. Si uliipenda?" Dereva wa bodaboda akanisogezea maji.

Kadi nyingine zitatolewa wakijaaliwa kupata mfadhili mwingine. Mwenye klabu amenipa kazi. Nafuta meza, napiga brashi kitambaa, nawapangia wateja mipira. Ni kazi ile ile ya Guku. Ukoo wetu umezunguka umerudi pale pale.

Nisalimie kaburi.

Mdogo wako,
Nelly


Maganzo, 20 Julai 2024

Nelly,

Nilikuambia.

Sitaki kuonekana nafurahi, ila sitajifanya nalia. Umeomba, umegombea, umeondoka msibani, na kadi wamempa mwingine. Sasa unafuta meza za watu. Meza yangu hapa ina vumbi, hujawahi kuifuta.

Rudi nyumbani. Pamba imepasuka shambani, nyeupe mpaka inaumiza macho, na mimi mgongo haukubali. Salome ananisaidia lakini ana mikono ya siagi, kila kitu kinamponyoka. Chumba chako kipo kama ulivyokiacha. Kule Mungu amekufungia mlango, wa kwangu nimeuacha wazi, mbuzi wanaingia na kutoka wakikungoja wewe uufunge.

Hakuna atakayekuuliza habari za mipira. Nitawakataza.

Kaburi nimelisalimia. Halikujibu, limejifunza kwako.

Mkubwa wako,
Scolastika


Maganzo, 28 Julai 2024

Kwa Nelly, mjane mdogo wa mtani wangu Makoye,

Asalaam aleikum, ingawa nyie Wasukuma salamu yenu ni kuuliza habari za ng'ombe kwanza.

Mimi ni Akida wa dukani. Leo utani nimeubakiza huo mmoja, maana nilichokusudia kuandika hakinichekeshi.

Marselino alipita kununua shuka, akaniambia umekosa kadi kwa sababu ya fimbo ya kuazima. Nikamwambia aache uongo, fimbo yake aliikataa mwenyewe. Akanishangaa. Akasema, "Aliikataa lini? Anajua mmeizika." Nikafunga duka adhuhuri, nikatafuta karatasi.

Fimbo haikuzikwa, mwanangu. Niliikuta uvunguni mwa kitanda cha bibi yako, imeviringishwa ndani ya mkeka. Sikujua kwa nini iko huko, baadaye ndipo Salome akaniambia alimwona bibi yako akiificha alfajiri ile, ili ukose cha kwendea. Mimi niliitoa kwa mchezo wa msibani. Nikaibeba begani kama bunduki, nikasema bwana harusi haondoki mpaka nipewe kuku. Bibi yako akasema, "Chukua." Nikacheka, nikajua ni utani naye.

Kisha nikangoja. Nilimtuma mtu, akajibiwa kuku wanataga. Nikamtuma tena, nikasema basi hata kifaranga, hata yai, hata aje dukani anitukane tu mbele ya wateja nimrudishie. Mara ya mwisho akajibu kwamba amekuuliza wewe, na wewe umesema fimbo za wafu huzitaki. Hapo moyo wangu ukaniuma. Nikasema, Makoye, hawa ndio uliowalea. Siku ya tanga nilikaa kwenye kigoda mpaka jua likazama, namngoja aseme neno moja. Alinipita na ungo mkononi.

Wewe umekulia kwenye utani, unajua si mchezo. Kisichokombolewa ni changu, na nikikiacha kinaoza pembeni nimemdharau marehemu. Nikaipeleka kwa seremala, akaikata. Sasa ni kipimo changu cha kitambaa, yadi kamili. Kila satini na kila kitenge kilichotoka hapa mwezi huu kimepimwa na fimbo ya Makoye, na kila nikiinyoosha namtaja jina. Kipande cha nyuma ni komeo la dirisha. Nilidhani nimemheshimu.

Ningejua unaitaka, ningeiatamia kama kuku mpaka uje. Nawe ungenikomboa kwa matusi tu.

Na lile neno lake la ukiitwa mezani nenda, nililisikia na mimi. Nilikuwa mlangoni navua viatu.

Akida


Kalangalala, 2 Agosti 2024

Shikamoo Bibi.

Mzee Akida ameniandikia.

Sina swali. Nilikuwa na maswali mengi, nimeyaandika nikayachana.

Kuku mmoja. Ningekutumia banda zima.

Nilikuambia usijilaumu, ukasoma. Nilikutumia nywele za kichwa changu, ukazipokea ukazichanganya. Nilikuandikia kwamba nimemwambia Guku akae nayo, na wewe ukanijibu kwamba Mungu ndiye aliyefunga mlango.

Sitakuja kuvuna pamba. Kaburini nitakwenda siku moja, nitapitia njia ya nyuma, sitapita nyumbani. Marselino nimemwomba asipokee tena kitu chako, barua wala michembe.

Nakutakia afya njema.

Mjukuu wako,
Nelly Mayala


Maganzo, 11 Agosti 2024

Kwako Nelly,

Marselino alikataa kuipokea hii. Nikamwambia nitalala mbele ya tairi na abiria wake watafika Geita kesho. Ameipokea. Usimfokee, ana watoto.

Barua yako inaanza na shikamoo. Tangu ulipojua kusema hujawahi kuniamkia. Ulikuwa unaingia mlangoni na magoti yako ya vumbi unaniambia, "Pisha mzee, mume wangu yuko wapi?" Na mimi nakwambia mume gani, wewe kikojozi. Makoye anacheka mpaka anashika mbavu. Shikamoo zilikuwa za watu wengine, za walimu na wakwe. Nimeisoma hiyo yako nikitafuta kama imeandikwa kwa kukosea. Halafu nikafika chini nikakuta jina la baba yako limeandikwa, kama vile sijui wewe ni mtoto wa nani.

Fimbo niliificha ili umzike babu yako. Hilo nitalisema hata mbele ya askofu. Nilijua bila fimbo huondoki. Ukaondoka. Basi nikasema kama imeshindwa kumrudisha, afadhali isiwepo, labda siku moja atachoka kugonga kwa fimbo za watu atarudi. Hayo yaliyofuata yamefuata. Akida namdai neno la kuikata bila kuniambia, na mimi ananidai la kumwambia kwamba umeikataa. Msamaha siombi. Sikufundishwa, na wewe sidhani unao wa kunipa.

Kwamba Makoye alisema kweli uende, hilo limenikaa vibaya. Nilikuwa pale pale na choroko zangu. Wawili mmesikia, na mimi mkewe nimepitwa.

Juzi nilimkamata yule kuku wa madoa, yule uliyempa jina langu kwa sababu anawadonoa wenzake. Nikamfunga miguu, nikaenda naye dukani. Wateja wamejaa. Nikamwambia Akida nimekuja kukomboa. Nikasimama nangoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, nimeweka na matusi yangu tayari. Lakini Mzigua yule alinyanyuka, akanipisha kiti chake, akasema, "Karibu, mama." Maisha yote ananiita mchawi, ananiita jike la nyati, leo mbele ya watu ananiita mama.  Hata mimi kiziwi nikalisikia lile duka lilivyonyamaza.

Kuku akamkataa. Akasema tanga limekwisha ondoka, hakuna cha kukomboa. Kipimo akanipa bure, na komeo la dirisha akaling'oa akanipa. Cha bure hakikombolewi, alijua hivyo na mimi najua. Nikarudi na kuku wangu kwapani na vipande viwili vya fimbo, na watoto wa njiani hawakunizomea.

Seremala nimemuuliza. Anasema haiungiki, au ikiungwa haitapiga tena. Ile yadi inanifaa kwa kimo, ndiyo naitembelea nikienda kisimani na kanisani. Kile kingozi cha ncha ya kugongea mpira bado kipo, kwa hiyo ikigusa chini haisikiki. Salome anasema nawashtukiza watu.

Kile kipande kingine nimekirudisha kwenye mfuko wake wa khaki, nyuma ya mlango, pale ulipotafuta.

Pamba imevunwa bila wewe. Mbuzi wanaingia na kutoka.

Ile shikamoo yako sijaitikia na sitaitikia. Nikiandika marahaba nitakuwa nimekubali kwamba wewe ni mgeni aliyepita kunisalimia, na mimi ni bibi mmoja tu wa Maganzo. Ikae hapo hapo ilipo. Siku utakapoingia ukaniambia pisha mzee, nitapisha.

Mke mwenzako, mkubwa,
Scolastika